Kigari cha Viti Viwili

Mlango wa lifti yetu una upana wa sentimita sitini na nane. Niliupima mara tatu kwa futi yangu ya kushonea, mtoto mchanga akiwa begani na binti yangu Aisulu akivuta ncha ya pili ya futi, akidhani tunacheza. Kisha nikatoka nje kupima zile reli mbili za chuma zilizolazwa juu ya ngazi za mlangoni, ambazo kila mama wa jengo letu hupandishia kigari chake. Kutoka reli hadi reli, arobaini na tano. Niliandika yote nyuma ya karatasi ya dawa nikaitia mfukoni, maana Jumamosi tulikuwa tunakwenda sokoni kununua kigari cha mtoto, na mimi sikuwa na nia ya kurudi na cha mtoto mmoja.

Kwetu hakuna mwenye akili timamu anayenunua kigari kabla mtoto hajazaliwa, na kabla ya siku arobaini mtoto hatolewi nje. Kwa hiyo tulingoja. Ijumaa, siku ya arobaini, mama mkwe wangu alifika kutoka kijijini na furushi la nyama ya farasi, akamwogesha mdogo wetu Batyrkhan kwa vijiko arobaini vya maji, akamvisha shati jipya, akamrudisha mikononi mwangu. Nilimshukuru kwa moyo wote. Ana mikono mizuri yule mama, mtoto hakulia hata kidogo.

Halafu, wageni waliokuja kwa arobaini ya mtoto wakiwa bado wanakula, akasema huku akimimina chai ya maziwa, "Huyu mkubwa nitaondoka naye Jumapili. Mshono wako wa upasuaji bado haujapona, mwanangu, huwezi kumbeba. Na tena ni kifungua mimba. Ni wetu."

Hapakuwa na ubaya wowote katika sauti yake. Kifungua mimba hulelewa na bibi na babu, ndivyo ilivyo tangu zamani, na wako kina mama wanaoshukuru kabisa. Mume wangu Yerkebulan alilelewa hivyo hivyo. Alimwita bibi yake Mama mpaka siku alipomzika. Mama aliyemzaa, huyu Kulyash aliyekuwa akinimiminia chai, humwita Dada hadi leo.

Mkwe hasemi hapana mbele ya mama wa mumewe. Nilisema, "Kunywa chai, Mama, inapoa." Yerkebulan alikuwa anaangalia dari kana kwamba kuna kitu kimeandikwa.

Nilikwenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa moto. Aisulu ana mwaka na miezi kumi. Akiamka huja kwanza kunigusa kope kuona kama nimelala kweli. Nilijiuliza atamgusa nani kope huko kijijini, na jibu nililijua, na jibu hilo ndilo lililoniudhi. Basi nikapanga hivi: mdomo wangu umefungwa, lakini kigari hakijafungwa. Nikirudi na kigari cha viti viwili, kiti cha Aisulu kitakuwepo sebuleni, kila mtu atakiona, na nani atakuwa na uso wa kumtoa mtoto kwenye kiti chake? Ulikuwa ujanja wa mwoga, najua. Sikuwa na mwingine.

Soko letu la vitu vya watoto ni makontena yaliyopangwa safu kwa safu, na mwezi wa tatu theluji ikiyeyuka kati ya safu hizo panakuwa tope tupu. Tulikwenda sote. Mama mkwe alimbeba Aisulu kiunoni, mimi nilimbeba Batyrkhan aliyefungwa kama mkate, na Yerkebulan alibeba mkoba wangu kwa ule unyonge ambao wanaume hubebea mikoba. Muuzaji alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya manyoya, anaitwa Turgan.

"Karibuni, karibuni. Watoto wangapi?"

"Wawili," nilisema.

"Mmoja," alisema Yerkebulan.

Tulisema kwa pamoja. Turgan alinitazama mimi, akamtazama yeye, kisha akamtazama Aisulu aliyekuwa akitafuna kipande cha jibini kavu, udenda ukimwagikia koti la bibi yake.

"Kaka, mimi naona wawili. Au huyu mnamuuza? Nileteeni, ana mashavu huyu, nitampatia bei."

Hakuna aliyecheka. Kumbe mume wangu alikuwa ameshajibu, ila hakunijibu mimi. Nilimshika mkono nikamvuta nyuma ya rundo la viti vya kulishia watoto.

"Umeshamwambia mama yako ndiyo?"

"Sijamwambia kitu."

"Na hapana hujamwambia."

"Zhanyl, sikiliza. Mimi natoka asubuhi narudi jioni. Huyu anataka kubebwa, yule anataka kunyonya, na wewe daktari kakukataza hata ndoo ya maji. Utawezaje? Mimi mwenyewe si nimelelewa na bibi? Nina kasoro gani?"

"Nikianza kuzitaja watafunga soko tukiwa humu."

Alitabasamu, masikini, akidhani yamekwisha. "Ni mwaka tu, au miwili."

"Wewe ulikaa mingapi?"

Alikwangua tope kwenye kiatu. "Mpaka nilipokwenda jeshini," alisema.

Tuliporudi, Turgan alikuwa ameshatoa vigari vitatu na mama mkwe alikuwa ameshaanza kuvikagua. Yeye amekamua ng'ombe na kuendesha trekta maisha yake yote, hawezi kupita kitu chenye magurudumu bila kukitikisa. Cha kwanza kilikuwa na viti viwili ubavu kwa ubavu.

"Hiki ndicho wanachokipenda watu," alisema Turgan. "Watoto wanaonana, wanazoeana, hakuna wivu."

"Upana?"

"Sabini na sita."

"Lifti yangu ni sitini na nane."

"Basi hiki hakikupendi wewe, shemeji. Tazama hiki." Cha pili kilikuwa cha magurudumu matatu, chekundu, kizuri mno. Nilimwambia nina reli mlangoni. Alijipiga paji la uso. "Majengo ya ghorofa tisa! Si useme? Gurudumu la mbele litaning'inia katikati kama ulimi." Akakisukuma kando bila kinyongo.

Yerkebulan alipata ujasiri akaniletea cha mtoto mmoja, chepesi, chenye kibao kidogo nyuma. "Hiki je? Mdogo analala, mkubwa anasimama kwenye kibao. Hata akiwa anakuja kututembelea tu."

"Kibao ni cha wa miaka miwili na zaidi," alisema Turgan, ambaye nilianza kumpenda. "Huyu wenu atasimama dakika mbili kisha ataruka ampe salamu mbwa. Au mdogo afungwe kifuani kwa mama na mkubwa akae kitini. Wengi wanafanya."

"Ana mshono," alisema mama mkwe, haraka kuliko mimi. "Hafungwi kitu tumboni."

Kikabaki cha tatu. Kilikuwa kirefu, cha rangi ya majivu, magurudumu manne, upana sitini na mbili, na magurudumu yake yanakaa sawasawa na reli zangu. Mtoto mchanga analala juu kwenye kikapu, mkubwa anakaa kwenye kiti cha chini, mbele. Nilitoa futi nikapima mwenyewe, maana maneno ya sokoni ni maneno ya sokoni.

Mama mkwe alikisukuma kwenye tope, akakirudisha, akakiinua upande mmoja. Kisha akamweka Aisulu kwenye kile kiti. Mtoto aliketi kama mkubwa wa ofisi, akaweka jibini lake kwenye sehemu ya mkono, akaanza kupiga miguu ili gari liondoke.

"Kimekaa imara," alisema mama mkwe. Alikuwa hanitazami. "Lakini kwani mtoto mwenyewe atakikalia mara ngapi kwa mwaka? Sikukuu tutakuja, kiangazi mtakuja nyinyi."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Maneno yalifika mpaka kwenye meno yakarudi. Nilisema, "Nachukua hiki," nikamgeukia Turgan. Yerkebulan alilipa. Njia nzima ya kurudi nyumbani mama mkwe alimshika Aisulu mapajani akimfunga na kumfungua vifungo vya koti.

Reli zilipokea kigari vizuri mno. Yerkebulan alisukuma, watoto wote wawili ndani, magurudumu yakapanda kwenye chuma bila kuyumba, na mimi nikatembea nyuma nikijiona fundi wa mafundi. Nikabonyeza lifti. Mlango ukafunguka. Kigari kikaingia, kikapita sitini na nane kwa raha, kikaenda mpaka kikagonga ukuta wa nyuma.

Na mshikio ukabaki nje. Mlango ulikuja ukagonga, ukarudi. Ukaja tena ukagonga, ukarudi.

Mimi nashona mapazia. Miaka tisa napima madirisha ya watu, upana na urefu wa kwenda juu, basi. Pazia halina kina. Haikunijia hata mara moja kwamba lifti ina kina cha kwenda ndani, kwamba mtu anaweza kuupima mlango mara tatu na asipime kilicho nyuma yake. Nilitaka nicheke nilie papo hapo. Mzee wa ghorofa ya tano alikuwa anangoja na mfuko wake wa viazi, akatazama, akaamua kupanda ngazi.

"Unaona?" alisema mama mkwe, tena kwa upole, akinishika kiwiko. "Hata lifti inakataa, mwanangu. Usijitese. Kigari kirudishwe, kichukuliwe kidogo, na huyu aje nami kesho."

Aliinama kumfungua Aisulu mkanda. Aisulu aliushika mkanda kwa mikono miwili.

"Mama, simtoi," nilisema.

Sikuisikia vizuri sauti yangu, nikadhani sijasema, nikasema tena. Mara ya pili ilitoka kubwa mno, ikapanda ghorofa zote tisa. "Simtoi mwanangu! Lifti ikatae, mshono ufumuke, niseme vibaya, unichukie mpaka kufa. Nampenda, namtaka hapa, simtoi kwa mtu!"

Mlango wa lifti ulikuja ukagonga ukarudi. Batyrkhan aliamka akaanza kulia. Yerkebulan alisema, "Zhanyl." Nilingoja aniambie kwamba sina adabu, kwamba kwetu sikufundishwa. Angekuwa na haki.

Mama mkwe alijinyoosha polepole, mkono kiunoni.

"Mimi nilisema sawa," alisema.

Hatukumwelewa. Alikuwa anamtazama mwanawe sasa, si mimi.

"Mama mkwe wangu alikuja asubuhi na blanketi. Nilikuwa nimetoka kukamua, ndoo bado mkononi. Akasema, 'Namchukua.' Nikasema, 'Sawa, Mama.' Nikaenda kuchuja maziwa." Alifuta jibini kwenye koti lake kwa kidole gumba. "Nilikuwa na miaka ishirini. Sikujua kama kuna neno jingine la kusema. Nikajiambia, zamu yangu itafika, na mimi nitaletewa wa kwangu. Miaka thelathini na moja nimeingoja zamu."

Nilitaka kumwambia pole, nikaona ni neno dogo sana, nikamshika mkono. Hakuurudisha nyuma, wala hakunishika. Mkono wake ulikuwa wa baridi na mgumu, na nilimwonea huruma kwa namna iliyouma, kwa sababu hata hivyo nisingempa.

Mlango uligonga tena. Kisha akamfungua Aisulu mkanda, kweli, akamnyanyua. Akanipita. Akamweka mikononi mwa Yerkebulan.

"Wewe ndiye huna mshono," alimwambia. "Mtoe na mdogo, mpe mama yake. Kigari kitalala hapa chini ya ngazi kama vya wenzenu vile, mnunue mnyororo na kufuli nzito, siyo zile za bati. Watoto watapanda na lifti. Mbona mnafanya jambo gumu?"

Yerkebulan alikivuta kigari kwa mkono mmoja mpaka chini ya ngazi, Aisulu akipiga kelele kwamba kiti chake kinaondoka. Tukaingia kwenye lifti sote watano, tumebanana, mimi na Batyrkhan kifuani kwangu. Nikabonyeza ghorofa ya saba. Mlango ulijifunga bila kugonga kitu.

Mume wangu alikuwa amemshika Aisulu kwa nguvu kuliko kawaida. Huwa hasemi sana, na kuhusu utoto wake huwa anasimulia farasi tu na samaki. Tulipita ghorofa ya tatu, ya nne.

"Dada," alisema. "Siku ile, nililia?"

Mama mkwe alikuwa anaitazama ile taa ya namba juu ya mlango.

"Siku tatu," alisema. "Nyumba yangu na ya bibi yako zilikuwa zinatazamana."