Marafiki Sita wa Elmer Ratliff

Verlin Stiltner alikuwa ameingoja ile treni ya mvuke mwaka mzima. Treni za makaa ya mawe alikwisha kuzipiga picha mpaka mkewe akakataa kuzitazama: mabehewa yale yale, vumbi lile lile. Hii ya kizamani ilipita mara moja tu, majani ya milimani yanapogeuka rangi, na pa kuipiga picha vizuri palikuwa mahali pamoja tu: makaburini, juu ya kona ambapo reli hufuata mto.

Alipofika na wenzake watano, kila mmoja na koti jeusi na kamera shingoni, wakakuta kuna maziko. Wakavua kofia, wakasimama kando kwa adabu. Adabu hiyo ndiyo iliyowaponza. Mchungaji akaja akamshika Verlin mkono.

"Mungu awabariki, ndugu zangu. Tulidhani ninyi marafiki wa Elmer hamji tena kumbeba. Gari la maiti limeshindwa kupanda, liko chini barabarani, na sisi hapa ni wazee wa mikongojo watupu."

Verlin akafungua kinywa aeleze. Akamwona mjane, bibi mwembamba aitwaye Ocie Ratliff, akimtazama kwa macho mekundu. Akakifunga.

Wakateremka barabarani, wakalibeba jeneza. Marehemu alikuwa mzito. Walikuwa katikati ya kuupanda mlima, jasho linawatiririka, Ocie anawafuata nyuma, ndipo honi ya mvuke ikalia bondeni.

"Tuliweke chini kidogo," akanong'ona rafiki yake Hobart.

"Litateleza mpaka mtoni."

"Si litatangulia kuiona treni."

"Hobart, shika jeneza la watu."

Treni ikachomoza, nyeusi inang'aa, moshi wake mweupe umejaa jua. Wanaume sita wakageuka kuitazama. Jeneza nalo likageuka.

"Mnampeleka wapi mume wangu?" akauliza Ocie.

Verlin akashindwa kuvumilia. "Tusamehe, mama. Sisi hatumjui marehemu. Tulikuja kupiga picha treni."

Ocie akawaza kidogo. "Nilishangaa mimi. Elmer hakuwa na marafiki sita."

Kisha akajinyoosha, akamvua Verlin kamera shingoni. "Inabonyezwa wapi?"

"Hapo juu, kulia. Lakini mama, treni iko nyuma yako."

"Naisikia." Akabonyeza.

Treni ikapita, ikawaachia masizi usoni.

"Angalau yeye alizipenda treni?" akauliza Verlin.

"Alizichukia kama ukoma. Zimemkosesha usingizi tangu tuoane. Kiwanja cha kaburi kilichobaki ni hiki tu."

Wakamzika. Baadaye, ukumbini mwa kanisa, mbele ya kuku wa kukaanga na mkate wa mahindi, mchungaji akamsimamisha Verlin aseme neno juu ya marehemu. Verlin akatafuta jambo moja la kweli analolijua.

"Alikuwa mtu mzito," akasema.

Wazee wakatikisa vichwa. "Amina," mmoja akaitikia, na mwingine akajifuta machozi.

Picha ilipotoka, Verlin alimpelekea Ocie nakala. Inaonyesha wanaume sita chini ya jeneza, shingo zimepinda upande mmoja, vinywa wazi. Treni haionekani hata moshi. Ocie ameitundika sebuleni, na wageni wakiuliza huwaambia hao ni marafiki wa Elmer, waliumia mno hata wakashindwa kulitazama jeneza lake. Verlin akiwapo, huinamia sahani yake ya pai ya tufaha, akaendelea kula.