Majongoo Bahari Sebuleni

Mpiga mbizi, ambaye wenzake kazini walimwita Pumzi, alikuwa akikausha nywele ndani ya mashua ya utafiti dada yake alipompigia simu. Asubuhi hiyo alikuwa amekagua mchanga, hakuona jongoo bahari hata wa dawa. Kwenye majani ya bahari, patupu. Kwenye matumbawe alimkuta mmoja tu, mzee, na hata huyo alikuwa njiani kuondoka.

"Unaowatafuta wako kwangu," dada alisema. "Njoo na ndoo za maji ya bahari. Na uvue viatu mlangoni, usije ukakanyaga wageni."

Wageni walikuwa wamejipanga kama kwao. Wa mchangani walijifukia kwenye lundo la mchanga wa ujenzi uani, wakabakiza migongo. Wa majanini walitanda juu ya zulia la kijani. Wa matumbaweni waling'ang'ania kuta za mawe za bafuni: weusi, wa madoadoa, na wale wenye miiba kama nanasi, ambao Pumzi hakuwa amewaona tangu aolewe. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Wamefuata nini?"

"Ndugu zao." Dada alifungua stoo. Magunia ya majongoo waliokaushwa yaligusa dari. Mume wa dada ndiye mkuu wa hifadhi ya bahari, aliyepiga marufuku watu wote kuvuna majongoo ili bahari ipumzike.

Wageni kadhaa waliingia polepole, wakajilaza kando ya magunia.

Mkuu aliporudi kula, alivua viatu bila kuambiwa.

"Shemeji, si mlisema wamekwisha? Mbona nyumba imefurika?"

"Shemeji, hawa ndio waliobaki. Bahari nzima iko hapa ndani," Pumzi alijibu.

"Kumbe wameongezeka," alisema, akapiga simu kuagiza mashua zake zitoke.

Hapo majongoo wote wakainuka wima, wakaanza kuyumba huku na huku, wakiachia mbegu zao. Ukungu mweupe ukajaa sebule. Dada akafunga kanga kiunoni, akayumba nao. Pumzi akamshika mikono, wakazunguka, wakiteleza na kushikana, mbavu zikiwauma kwa kicheko.

Mkuu alifuta miwani kwa tai. Kisha akarudia kwenye simu, kwa sauti ya juu kidogo ili asikike, kwamba safari hii waje na magunia makubwa.