Pole ya Elihuruma

Jina lake lilikuwa ubaoni kwa chaki nyeupe, na chini yake neno moja: UAMINIFU. Elihuruma alilitazama kama mtu anayeikuta picha yake juu ya jeneza la mwingine.

"Huyu ndiye mwanamichezo tuliyekuwa tunamtafuta tangu Septemba," Profesa Harrison aliwaambia wanafunzi wake wa falsafa ya maadili michezoni. "Alimwangusha mwenzake, kisha badala ya kukimbilia utepe, akasimama akakiri."

Darasa likapiga makofi. Makofi hayo ndiyo yaliyomchoma. Wangemzomea, angejua pa kusimama.

Kilichotokea kilikuwa hiki. Wiki tatu nyuma, katika mbio za nyika za vyuo huku Marekani, mjini Blaine, mkimbiaji wa chuo kingine alijikwaa kwenye mzizi, akaanguka na kuvunjika mtulinga. Elihuruma alikuwa hatua mbili nyuma yake. Alisimama, akainama, akampa pole. Kwao Mwanga mtu hujikwaa peke yake, na anayepita ng'ambo ya barabara humpa pole bila kuulizwa alikuwa wapi. Lakini pole hii ilibidi itoke kwa Kiingereza, na Kiingereza huzitia pole na samahani katika kikapu kimoja. Mwamuzi aliyesimama konani akachomoa samahani. Elihuruma akafutwa mbioni, na Ijumaa hii kamati ya chuo ingeamua kama abaki timuni au atolewe.

Akanyoosha mkono. "Profesa, sikumgusa."

Makofi yakafa. Profesa akamtazama kwa huruma, huruma ile inayomfanya mtu atamani kutukanwa.

"Usibomoe ulichojenga, Elihuruma. Kamati humsamehe aliyekiri. Niandikie ukurasa mmoja tu wa kukiri, nami nitakutetea."

Mezani kwa chakula cha mchana, Nkatha alimsikiliza huku akitafuna. Alikuwa Mkenya wa mwaka wa nne, na mwisho wa juma alihudumia wazee katika makao yao kule Inver Grove Heights.

"Si uandike tu, mmalizane!"

"Niandike nini?"

"Ati ulimsukuma kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Ai, Mtanzania wewe! Hiyo adabu yenu itawamaliza. Huku ukisema sori umeshaweka sahihi. Mimi mzee akianguka, nafunga mdomo, nainua mtu."

"Bila pole?"

Nkatha akaacha kutafuna. "Pole namwambia moyoni," alisema, na hakumtania tena.

Alhamisi asubuhi Elihuruma aliketi maktaba. Aliandika "Mimi", akakata. Akaandika tena, akakata. Akachukua karatasi nyingine. Hakuwa mwepesi wa kuhukumu. Hata yule mwamuzi alikuwa amekwisha kumtafutia udhuru. Lakini sasa aliiona njama isiyo na mla njama: akikana, ni mwongo, akidanganya, ni mwaminifu. Hasira yake haikuwa moto wa makuti. Ilikuwa kama mto wao wa Mississippi mwezi huu, umefunikwa na barafu juu, chini unakwenda. Akaichukua ile karatasi ikiwa tupu, akatoka kwenda kumpelekea profesa mwenyewe.

Profesa Harrison alikuwa akishuka ngazi za nje, kikombe cha kahawa mkononi. Kisigino kikateleza kwenye barafu. Akaketi kwa kishindo, kahawa ikamwagika juu ya theluji.

Elihuruma alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Neno likampanda kooni. Akalibana, kama Nkatha. Likamshinda.

"Sori, Profesa. Sori sana."

Profesa akacheka, uso umekunjamana kwa maumivu, akanyoosha mkono ainuliwe. "Unaomba radhi ya nini, kijana? Wewe hukunigusa."

Elihuruma akaushika mkono ule, lakini hakuuvuta. Alisimama hivyo, karatasi tupu kwapani, akimtazama machoni, akiyasubiri maneno yale yamrudie aliyeyasema. Mkono ulikuwa wa moto kwa kahawa. Theluji ikaanza kuyeyuka chini ya suruali ya profesa, na kile kicheko kikapungua, kikapungua, kikaisha.

"Rudia, Profesa," Elihuruma akasema.