Kitanda cha Mti

"Mti huu ukianguka hivihivi utapasuka vipandevipande," Delbert alisema, kichwa kakiinua mpaka kofia ikamdondoka. "Nani kawatuma kazini bila kutandika kitanda?"

Lorene, mkewe, aliiokota kofia. Walikuwa kando ya Mto Eel, katika msitu wa miti myekundu ambao haujapata kuguswa na msumeno. Kila mwaka, siku waliyooana, walikuja hapa kula mkate na samaki. Safari hii garini mlikuwa pia na sanduku la nguo za Delbert. Kesho asubuhi Lorene angempeleka mjini Eureka, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Alitaka kitu kimoja tu kabla ya hapo: mumewe amwite kwa jina lake. Tangu theluji iyeyuke milimani hajamwita.

"Huu haukatwi, Delbert. Ni wa hifadhi."

"Wavivu wote husema hivyo."

Alipiga magoti akaanza kukusanya matawi makavu. Miaka arobaini alikata miti kama hii kule juu, na hakuvunja hata gogo moja, kwa kuwa kila mti aliutandikia kwanza matawi pa kuangukia. Akili ilikuwa imemtoka, lakini mikono haikusahau: manene chini, membamba juu.

"Usinisimamie, dada. Lete yale."

Dada! Baada ya miaka hamsini na mmoja. Lorene alitaka kulia, akajikuta anacheka kwa uchungu.

"Una amri wewe mzee!"

"Kama hutaki kazi, rudi kwa mumeo. Unaye?"

"Ninaye."

"Anajua uko hapa?"

Lorene aliutazama mto. Maji yalikuwa machache, mawe yote nje.

"Hajui," alisema.

"Basi mimi, mke wangu ananisubiri. Mkali yule! Chakula kikipoa, nakoma." Delbert alicheka, uso wake wote ukawa ule wa zamani. "Anaitwa Lorene. Ukimwona, mwambie nitachelewa. Asiningoje."

Jina lake hilo, limetamkwa vizuri kabisa. Lorene hakuwa na wa kumwambia.

"Nitamwambia."

Akaenda ukingoni, akarudi na majani makavu tele kifuani.

"Niweke wapi?"

"Juu kabisa," Delbert alisema, akimpisha. "Hapo ndipo mti unapoangukia."

Wakaendelea kutandika.