Fulana Iliyoliwa

Mwizi mwenye akili zake huiba kilicho kizuri. Huyu aliacha gauni jipya, akaacha shuka la maua ambalo bado lilinukia duka, akachukua fulana mbili kuukuu za mtoto. Fundi cherehani alisimama mbele ya kamba ya nguo, beseni kiunoni, mwanawe mgongoni, akavitazama vibanio vilivyobaki vikining'inia bila nguo. Hapa pana jambo, alisema moyoni.

"Fulana alizokwisha kuvaa mtoto?" Jirani alishika kiuno. Mtaa mzima ulimwita Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. "Mwenzangu, nguo yenye jasho la mtoto haiibiwi ili ivaliwe."

"Inaibiwa ili ifanywe nini?"

"Mimi sijasema kitu." Redio alitupa jicho uani, ambako wifi yake fundi alikuwa akimwagilia miche. "Kikulacho ki nguoni mwako. Basi, nimenyamaza."

Na kweli akanyamaza, jambo lililomtia fundi hofu kuliko maneno yote.

Wifi huyo, dada wa mumewe, alikuwa amerudi kwao baada ya kuachika. Hakujaliwa mtoto. Alikaa chumba cha uani, akiotesha miche na kuiuza kando ya barabara. Mume wa fundi alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuonekana kwa nadra kama mgeni, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake wawili, mtoto, cherehani moja, na shamba la urithi nyuma ya nyumba. Walikuwa wakipikiana na kuchekeana. Lakini tangu siku ya fulana, kila wifi aliponyoosha mikono kumpokea mtoto, fundi hakukosa sababu.

"Ana mafua, wifi."

"Ndiyo kwanza anasinzia, wifi."

"Leo ana deko, hataki mtu."

Mtoto mwenyewe, ambaye hakuwa na habari na ugomvi wa wakubwa, alimchekea shangazi yake kwa fizi tupu juu ya bega la mama. Wifi alirudisha mikono, akaipangusa kwenye kanga. Hakuuliza. Kutouliza kwake nako fundi alikuweka akiba, kama ushahidi.

Mvua zilipokolea akaja mfyatua matofali. Alikuwa ameipenda kona ya juu ya shamba, kipande cha kichaka na majani makavu yaliyolundikana, ambacho hakikuwahi kulimwa tangu enzi za baba mkwe. Alitaka mvua zikikatika aondoe udongo wa juu, achimbe mpaka aufikie wa mfinyanzi.

"Pale hamna faida," alisema, akikwangua buti kwenye jiwe. "Nyoka na taka. Mimi nitawasafishia, tena nitawalipa."

Maneno hayo yalimwingia fundi. Yeye na uchafu walikuwa maji na mafuta. Kila baada ya mavuno alikusanya mabua na majani ya shamba la chini, akayachoma, akafagia hadi ardhi ikawa kama sebule inayosubiri wageni. Hata hivyo mahindi yake yalizidi kuwa ya manjano msimu hadi msimu, na maji ya mvua yalituama juu kama yamemwagwa kwenye saruji. Kwa malipo ya kona angenunua mbolea. Mtoto alikuwa karibu kuanza uji, na uji hauchotwi mtoni.

"Wewe ndiye unayelima," mumewe alisema kwenye simu, honi zikilia nyuma yake. "Utakachoamua ndicho. Ila usikilizane na dada."

Dada akasema, "Kona ile isiguswe."

"Kwa nini?"

"Subiri kidogo, wifi. Nitakuonyesha."

"Nionyeshe sasa."

"Bado haijaiva."

Ni nini hicho ambacho hakijaiva? Fundi alirudi kwenye cherehani akashona mfuko wa suruali ya mteja ndani nje, akaufumua, akaushona tena vilevile.

Tangu hapo akaanza kumvizia. Na asubuhi moja, umande haujakauka, alimwona wifi akipanda kuelekea kona. Akamfuata kwa mbali, mtoto mgongoni, jembe mkononi, akijiambia kwamba jembe ni la kulimia tu. Wifi alipiga magoti karibu na kijiti kilichochomekwa ardhini, akafukua kwa vidole, akavuta kitu, akakining'iniza kwenye mwanga.

Kilikuwa na umbo la fulana ya mtoto, lakini fulana haikuwemo. Palikuwa na duara la shingo, maduara mawili ya mikono, mistari ya ubavuni na pindo la chini, basi. Mifupa ya fulana. Na uzi ulikuwa wa buluu, mshono wa zigizaga wenye kurudi nyuma mara mbili kwenye kwapa. Fundi aliujua mshono huo kama anavyojua kilio cha mwanawe, maana aliushona mwenyewe tumbo likiwa limemfika puani.

"Umemfanyia nini mtoto wangu?"

Wifi aliruka. "Yalaa! Umenitisha!"

"Mimi ndiye niliyekutisha? Kitambaa kiko wapi?"

"Kimeliwa."

"Na nani?"

Wifi akacheka, na hapo akakosea. Jembe lilipanda juu.

"Liweke chini kwanza, wifi. Nisije nikazikwa hapahapa, nami nikaliwa."

"Nakuuliza, na nani?"

"Na udongo!" Wifi alishika konzi ya majani yaliyooza, akaipasua. Ndani yake nyuzi nyeupe, nyembamba mno, zilikuwa zimetanda kutoka jani hadi jani hadi kwenye mzizi wa gugu. "Hii ni kuvu. Na humu mna vijidudu ambavyo macho yetu hayavioni. Pamba ni chakula chao. Uzi wako ni wa plastiki, hawauwezi. Sisi waotesha miche ndivyo tunavyopima. Unazika pamba, unasubiri. Ikiliwa, udongo una uhai. Mimea inalishwa na hawa, wifi, mbolea peke yake haitoshi."

"Na katika nguo zote za dunia, ukaziona fulana za mwanangu?"

"Nilitaka pamba tupu. Zangu mimi ni nailoni, hata jikoni napita mbali na moto. Nilijua kwa mwanao hushoni kitambaa cha uongo."

"Si ungeomba?"

Wifi aliyatazama magoti yake yenye matope. "Ningekuomba nguo ya mtoto, mimi niliyeachwa kwa kukosa mtoto? Ungenifikiriaje?"

Jibu lilikuwa mkononi mwa fundi, na lilikuwa na mpini.

Walishuka hadi shamba la chini. Wifi alifukua chini ya kijiti cha pili, akatoa fulana ya pili. Ilikuwa nzima. Ilikuwa na matope, ndiyo, lakini ingefuliwa, ikaanikwa, ikavaliwa kesho yake.

"Huku hakuna mlaji," wifi alisema. "Tumewachoma moto na majani yao, tukawaacha uchi juani."

Aliposema "tumewachoma" alikuwa na adabu tu, maana mchomaji alikuwa mmoja. Fundi alilielewa hilo, likamkera.

"Na nitajuaje kwamba hii hukuizika jana?"

"Hutajua."

"Basi nitazika mimi. Na wewe hutajua wapi."

Alikata vipande viwili kwenye mtandio mmoja wa pamba, akavizungushia mshono wa uzi mwekundu, na mwishoni akafunga fundo alilofundishwa na mama yake, ambalo kulifungua ni kulikata. Kimoja alikizika kwenye kona, kingine chini kwenye mahindi. Mfyatua matofali akaambiwa angoje mvua zikatike. Redio akaambiwa kwamba fundi anapanda maua, na akatangaza hivyo.

Mvua zilipokatika, mfyatua alikuja na kamba ya kupimia. Fundi alimpita, akachukua jembe. Chini, kipande kilitoka kama kilivyoingia. Kwenye kona alifukua taratibu kwa mikono, pua ikijaa ile harufu ya mvua ya kwanza, hadi vidole vikagusa uzi. Palikuwa na mstari mwekundu, umejikunja, na fundo lake mwishoni. Alilivuta fundo. Halikufunguka. Lilikuwa lake.

"Sasa mama," mfyatua alisema, akijikuna shingo, "unaninyima udongo kwa sababu umekula kitambaa?"

"Kwa sababu umekula. Wa kule chini hauna hata njaa." Alivishika vile vitu viwili, kimoja kila mkono. "Mtoto akikataa kula, kaka, mama haulizi mara mbili. Anajua ni mgonjwa."

"Basi nipe huo mgonjwa."

"Mgonjwa hauzwi. Anauguzwa."

Mfyatua akakunja kamba yake, akaondoka akinung'unika kuhusu wanawake na vitambaa.

Msimu huo mabua hayakuchomwa. Fundi aliyaacha yalale shambani, na kila alipopita jicho lilimwasha kama limeingiwa na mchanga. Redio aliuliza kama kuna mtu anaumwa. Wifi alichota udongo wa kona kwa kikapu, kidogo kidogo asiukombe wote, akauweka kwenye mashimo ya kupandia, fundi akifuatia na majani. Kama mahindi yangekubali, hakuna aliyejua.

Mtoto akalia mgongoni. Fundi alimfungua, akasita, kisha akamnyoosha mbele.

"Mshike, wifi. Mikono yangu ina udongo."

"Na yangu je?"

"Mshike tu."

Wifi akampokea. Mtoto akashika vidole vyake vyenye tope, akampaka puani. Kisha fundi akakunja uso, macho yakielekea kwenye kamba ya nguo.

"Lakini wifi."

"Nini tena?"

"Shuka langu la maua silioni."

"Lile ni nailoni," wifi alisema bila kumwondolea mtoto macho. "Mimi la nini? Muulize Redio."