Kidole cha Kahongya

Saa moja na nusu asubuhi wanawake kumi walikuwa wameshaketi katika depo ya kakao ya Bungulu, wakitenga punje nzima na zilizooza. Tisa walikuwa hai. Wa kumi, Kahongya, aliangukiwa na magunia mwezi wa tatu, akazikwa Jumamosi, na Jumatatu akarudi kazini na bakuli lake. Nafasi yake chini ya magunia ilikuwa imeshapewa mdogo wake, Syauswa, basi akaketi mlangoni. Patron Jéthro, mwenye depo, alimtazama kidogo, akaenda zake.

Magunia yalipangwa ukuta mzima, karibu na mabati. Kila lori lilipopita, yalitikisika. Syauswa hakutaka makuu: yashushwe, yasizidi kimo cha mtu. Katika ofisi ya kazi aliambiwa hilo linaombwa na syndicat, chama cha wafanyakazi, na syndicat inataka alama za vidole vya watu kumi kwenye karatasi.

"Kimoja ni cha marehemu," alisema.

Karani hakuinua kichwa. "Anatumikaka kazi?"

"Kila siku."

"Donc ni mutumikaji. Atiye kidole."

Walitia wote saa ya mapumziko. Cha Kahongya kilitoka hafifu, lakini kilitoka. Siku ile walicheka, wakagawana avoka na chumvi. Ilikuwa siku nzuri, na inauma kuisimulia.

Karatasi haikufika ofisini. Kesho yake Patron alisimama nayo mlangoni.

"Mwenye alitia kidole, abakiye kwake."

Hakupaza sauti. Wote walikuwa na watoto wa kulisha. Wakaleta wembe, wakakwangua wino mmoja mmoja, polepole, karatasi isichanike. Syauswa alikwangua wa mwisho, machozi yakimtoka.

Kahongya alipopewa wembe, aliurudisha.

"Mimi hapana. Atanifukuza niende fasi gani?"

Patron akaipokea karatasi, akaona kidole kimoja, akawarudishia. Mchana lori la Oicha likashusha mzigo, na magunia sasa yakagusa mabati.

Kahongya aliinuka na bakuli lake, akaenda hadi alipoketi mdogo wake.

"Sogea kule mlangoni, Syauswa."

"Yaya," alimwita dada yake, "hapa ni fasi yangu."

"Mimi magunia ilishaka niangukia."

Syauswa akahamia mlangoni. Wale wanane wengine wakabaki chini ya ukuta, wakiendelea kuchambua, kwa sababu marehemu alikuwa mmoja tu.