Ubao Uliopauka

Mimi siwezi kuona kitu kimepauka nikanyamaza. Watoto wangu sita hawakuwahi kutoka nje na miguu myeupe kama iliyokanyaga unga. Niliwashika hapo hapo kizingitini nikawapaka mafuta mpaka wakang'aa, wakitaka wasitake. Nalitanguliza hili ili usije ukadhani nilikuwa na nia mbaya. Nia ilikuwa nzuri, na ndiyo iliyoniponza.

Mume wangu ni seremala. Mtaani wanamwita Bwana Milimita, kwa sababu katika miaka yote aliyotengeneza milango hakuna aliyemsikia akisema mlango "unakaribia" kufunga. Kwake mlango unafunga au haufungi. Alipoacha kazi za watu alisema sasa atatengeneza kitu kimoja cha moyo wake, gitaa, na akakigeuza chumba cha nyuma, alichokuwa akilala kitinda mimba wetu, kuwa karakana. Mwaka mzima nilifagia vumbi la mbao. Mbavu za gitaa zikakunjwa kwenye bomba la moto, tumbo likagandishwa, shingo ikachongwa. Ikabaki kazi aliyoiita mtihani wenyewe: freti.

Kama huzijui freti, hata mimi sikuzijua. Ni vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo ya gitaa kama vidato vya ngazi. Juu vina mgongo wa mviringo, chini vina ubapa mwembamba wenye vijino, na ubapa huo unazamishwa kwenye ufa uliokatwa kwa msumeno. Vyote lazima viwe na kimo kimoja. Kimoja kikiinuka hata kwa unene wa karatasi, uzi unakigusa, na gitaa linavuma kama nzi aliyefungiwa chupani.

Jumatatu alimaliza kukata nyufa, akaupiga msasa ubao mweusi wa juu ya shingo, akafunika ncha yake ya chini kwa utepe wa karatasi, akatoka kwenda kutafuta gundi. Mimi nikaingia na ufagio wangu. Ule ubao niliozoea kuuona mweusi ulikuwa umekuwa wa kijivu, kama magoti ya mtoto aliyeshinda akicheza chini. Nikausikitikia. Nikaenda chumbani nikachukua chupa yangu ya mafuta ya nazi, nikamimina kiganjani, nikaupaka kwa vidole vyote, nikahakikisha yameingia hata ndani ya zile nyufa, kama unavyopaka katikati ya vidole vya mtoto. Nikapangusa kwa kitambaa. Wallahi ulipendeza.

Aliporudi alisimama akautazama, akaniuliza kama nimeugusa. Nikajibu nimefuta vumbi tu. Nilitaka aone mwenyewe ulivyonawiri, anisifu. Uongo huo ulikuwa mdogo hata sikuuhisi ukitoka.

Kesho yake alipiga freti. Akakunja kila kijiti kidogo kama upinde, akadondosha gundi ufani, akagonga ncha hii, ncha ile, kisha katikati, kwa nyundo ya shaba isiyochubua. Mimi niliishika shingo juu ya mfuko wa mchanga. Mikono yake siku hizi inatetemeka kidogo, lakini nyundo ikishuka ilikuwa inajua inakokwenda. Alipomaliza ya ishirini, ya mwisho, aliniambia, "Mama watoto, nilidhani mikono imenikimbia. Kumbe bado ipo nyumbani."

Siku ya pili freti ya kwanza ikainua ncha. Akaigonga ikalala. Jioni ikaamka tena, na ya tatu ikaamka nayo, kisha ya tano. Akapaka wino juu ya migongo yote, akapitisha tupa bapa ili aone zipi zimejitokeza. Akaweka rula yake fupi juu ya freti tatu tatu, na rula ikabembea kama kiti kibovu. Kila alipolaza moja, nyingine ilinyanyuka.

Akaketi kwenye stuli akaanza kuhesabu sababu. Chuma ni kizuri. Nyufa alizipima mara tatu. Gundi ni mpya, kopo amelifungua mwenyewe.

"Na mikono nilinawa mara mbili," alisema, "maana gundi haishiki penye mafuta."

Mimi nilikuwa nimeshika kikombe chake cha chai. Nikakiweka chini polepole.

"Basi iliyobaki ni hii," akasema, akainyoosha mikono yake mbele akaitazama. "Nimegonga kombo. Nimezeeka."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo niliufungua kabisa, nikaishia kumwambia chai inapoa.

Ukimya ukishalala nyumbani siku moja, siku ya pili unakuwa na kitanda chake. Nilijiambia nitasema kesho, akiwa na furaha, lakini furaha yenyewe ndiyo niliyokuwa nimeiziba. Aliacha kuingia chumba cha nyuma. Mlango wa kabati ulipoanza kulia jikoni, aliniambia niite fundi. Yeye, Bwana Milimita! Mezani nilimwona akificha mkono wa kulia chini ya meza, anakula kwa uangalifu kama mgeni. Nami nilimpakulia zaidi, nikamfulia shati lisilo na uchafu, nikawa mwema kupita kiasi. Mtu akiwa mwema hivyo, mchunguze.

Siku ya tisa, Ijumaa, alinieleza kwamba amezungumza na fundi wa madirisha wa mtaa wa pili. Jumamosi atakuja na mkokoteni achukue vifaa vyote: randa, patasi, jiliwa, hata benchi. Bora vitumike kuliko kupata kutu, alisema. Kuhusu gitaa, nitalitumia kuwashia moto nikipenda.

Alasiri nikamfuata kibarazani. Mimi maneno mazito siwezi kuyasema yakiwa uchi, tangu utotoni. Nikasema, "Kitendawili."

"Mama watoto, leo sina moyo huo."

"Kitendawili."

Akapumua. "Tega."

"Nimemlainisha ngozi mama apendeze, watoto wakamteleza mgongoni mmoja mmoja."

Alifikiri kidogo, kwa heshima tu. Akasema kinyonga. Nikakataa. Akasema konokono, hata yeye hakuamini. Akasema ameshindwa.

"Nipe mji," nikamwambia, kama ilivyo kanuni: aliyeshindwa hutoa mji ndipo aambiwe jibu.

Akacheka kicheko kikavu. "Sina mji. Chukua lile benchi. Utawale mpaka kesho asubuhi."

Nilikusudia kulitoa jibu kwa madaha. Likatoka limekatikakatika. Nilimwambia juu ya ule ubao kupauka, na chupa, na vidole vyangu ndani ya nyufa, na lile vumbi ambalo halikuwa vumbi.

Hakupandisha sauti. Aliuliza mafuta gani. Nikasema ya nazi. Akatikisa kichwa. Kisha akauliza nilijua lini kwamba ndiyo yaliyoharibu.

"Siku uliposema ulinawa mikono."

"Siku tisa," alisema. "Siku tisa nimeitazama mikono hii kama wezi niliowafuga. Freti si kitu, freti zinang'oleka. Lakini ulikuwa unaniona."

Nilikuwa ninamwona.

Jumamosi fundi wa madirisha alikuja na mkokoteni wake akamkuta mzee ameinama juu ya shingo ya gitaa. Akanywa chai, akatutania kwamba hajawahi kuitiwa mali akapewa kikombe, akaondoka na mkokoteni mtupu. Tukaendelea. Mzee alikuwa akipasha kila freti kwa chuma cha moto, gundi inalegea, kisha anaing'oa taratibu kwa koleo asing'oe na ubao. Mimi kazi yangu ilikuwa mswaki na spiriti, kusugua mafuta yangu mwenyewe ndani ya nyufa, ufa kwa ufa. Hakusema nami zaidi ya "lete" na "shika", nami niliona hayo mengi.

Alipofika freti ya kumi na tano akaweka rula. Ikabembea. Akaibonyeza kwa kidole gumba, kijiti kikacheza.

"Na hii?" akaniuliza. "Hii nayo ni mafuta yako?"

Kule chini ya shingo ndiko alikokuwa amebandika utepe wa karatasi siku ile nilipopaka. Mafuta yangu hayakufika. Nilijua, na nadhani hata yeye alijua, ila alikuwa akinipa nafasi. Neno moja tu, "yangu", na mikono yake ingebaki safi. Moyoni niliona ananidai nafuu hiyo. Baada ya yote niliyomfanyia, kubeba freti moja zaidi kungenigharimu nini? Ulimi ulikuwa tayari.

"Hapana," nikasema. "Hiyo uliigonga kombo."

Akanitazama, na mswaki wangu ukawa unadondosha spiriti sakafuni. Kisha akaangalia mkono wake wa kulia, akaukunja, akaukunjua.

"Moja katika ishirini," akasema. "Lete chuma cha moto."